Kamba ya Nguruwe wa Kaman

Simu ilimkuta Ruta shambani, akichuma kahawa. Mtoto wa kaka yake alikuwa akipiga kutoka mji wa Lae, sauti imekatika kwa kilio.

"Shangazi, baba ameanguka. Ni moyo. Hatunaye tena."

Ruta alikaa chini kati ya mibuni. Kilichomtoka kwanza hakikuwa kilio. Lilikuwa jina la mtu.

"Kaman," alisema.

Kaka yake, Bomai Gande, alitoka kijijini miguu mitupu. Alicheza raga Lae, mstari wa mbele, mahali pa kugonga na kugongwa, hadi klabu moja ya Uingereza ikamchukua kwa mshahara. Huko alivunjwa pua na kuiona theluji. Aliporudi Kundiawa, mji ulio karibu na kijiji chao, goti limekwisha, alipewa timu ya Kasuari aifundishe. Aliwapandisha vijana mlimani na magunia ya kahawa mabegani. Watu wa ukoo walimjia na kuku wa kuchoma, wakiwaombea watoto wao nafasi. Bomai alikula, akajifuta mdomo, akasema, "Mpira haujui shangazi yako ni nani."

Kaman, mwenyekiti wa klabu, hakucheka. Mpwa wake alikaa benchi fainali nzima, na Kasuari walishindwa. Siku hiyohiyo Kaman alisimama sokoni akatangaza kwamba kocha ameuza mechi. Kabla jua halijazama, nyumba ya Bomai ilikuwa majivu. Alihamia Lae na hakufundisha tena, hata watoto.

Mwili ulipofika kijijini, waombolezaji walijaa chini ya turubai, wamejipaka udongo. Vijana walitaka kwenda kwa Kaman na mapanga. Ruta, mzee wa kanisa la Kilutheri, aliwazuia.

"Kaeni. Atakuja mwenyewe."

Akaja kweli, na nguruwe wawili wanene na mzigo wa miwa. Ilikuwa zawadi ya kupoza tumbo, maana huko hasira hukaa tumboni. Mfiwa akiishika kamba ya nguruwe, kesi imekwisha, na hakuna atakayeitaja tena.

"Dada Ruta," Kaman alisema, "wewe ni mtu wa Mungu. Pokea, tumzike kocha wetu kwa amani."

"Kocha wenu? Tangu lini? Kwanza sema aliuza nini."

"Hayo ya zamani, dada."

"Mimi nina muda. Na marehemu hana haraka."

Kaman aliutazama umati. "Hakuuza kitu," alisema chinichini.

"Wa nyuma hawajasikia, mwenyekiti. Sokoni ulikuwa na sauti."

"Bomai hakuuza mechi! Nilidanganya mimi!"

Akamnyooshea kamba. Ruta akaweka mikono nyuma.

"Asante. Sasa rudi na nguruwe wako."

Mchungaji akasogea, akamnong'oneza habari za kusamehe.

"Mungu aanze, baba mchungaji. Mimi nitamfuata."

Kaman aliwaswaga nguruwe wake kurudi barabarani. Watu wa ukoo wake mwenyewe walimpisha, nyuso zimegeukia pembeni. Ruta alimtazama mpaka alipopotea. Tumbo lake liliendelea kuwaka, wala hakuomba lipoe.

Walimzika Bomai alasiri, kando ya mama yao. Wachezaji wake wa zamani walilibeba jeneza, wengine wakichechemea. Kwaya iliimba, mchungaji akaomba. Ruta alitupa udongo wa kwanza, kisha vijana wakachukua makoleo wakafukia.