Taa ya Selestina

Ukifika pembezoni mwa Butiama ukaulizia kwa Selestina, utaulizwa wewe kwanza: "Yule mwenye taa?" Taa yenyewe ni balbu moja tu, imening'inia nje juu ya mlango. Lakini mama huyu aliingojea nguzo ya umeme tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na ilipofika akaapa kwamba nyumba yake haitalala gizani tena. Jua likizama tu, balbu inawaka, ng'ombe wanaonekana zizini hadi mikia, na Selestina anakaa chini ya mwanga wake akichambua mchele kama mtu aliyeajiriwa kuilinda taa.

Kitinda mimba wake, Danford, ana studio ya picha Mukendo, Musoma mjini. Anapiga harusi na kipaimara, na kazi imemshika kweli. Nyumbani alikuwa anafika Krismasi tu, tena kwa kuangalia saa. Februari hii akatokea bila taarifa, na mabegi. Selestina akachinja jogoo kwa furaha. Jogoo hajaiva, mgeni akaomba taa izimwe.

"Nizime taa? Kwani nimekukosea nini, mwanangu?"

Danford akaeleza. Huko juu kuna wingu jekundu, wapiga picha za anga wanaliita Waridi. Kwa macho halionekani. Kamera inalikodolea gizani muda mrefu, picha nyingi, kisha anazipanga moja juu ya nyingine kwenye kompyuta. Mjini taa zimezidi. Hapa giza ni safi, isipokuwa hiyo balbu.

"Kumbe mimi ndo nakuharibiaga mbingu."

"Siyo yote, mama. Upande huu tu."

Akazima, roho ikimuuma. Haukupita muda simu ikaita. Ni jirani yake, mzee Pastory, anauliza kwa upole kama LUKU imeisha, amnunulie.

"Haijaisha!" Selestina akafoka. "Danford anapiga picha wingu."

"Basi pole sana, mama Danford," akasema Pastory, na ilikuwa dhahiri kwamba pole hiyo haikuwa ya umeme.

Ikawa ndiyo desturi. Mwezi ukipotea angani, Danford huyo. Mwezi ukirudi, ni simu tu, nayo ya haraka. Mbele za watu Selestina alilifanyia mzaha, akisema mwanawe anatembelea giza, yeye mama anasalimiwa njiani. Akiwa peke yake hakucheka. Ilimuuma.

Aprili Danford akaleta picha yenyewe, kubwa, kwenye fremu ya harusi yenye maua pembeni. Wingu jekundu la duara, katikati tundu, na ndani ya tundu nyota zimekusanyika.

"Hawa wa katikati ni akina nani?"

"Nyota changa, mama. Rika moja. Wamezaliwa na hilo wingu."

"Na wingu limewaka hivyo kwa nini?"

"Wao ndo wanaliwasha. Wakiwa karibu, linang'aa."

"Hilo tundu je?"

Danford akajikuna kisogo. "Upepo wao. Wanavyokua wanalisukuma. Mwishowe litaisha, nao watatawanyika."

Selestina akapangusa kioo kwa kanga, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Nawajua hao," akasema. "Mmoja yuko Mwanza, mmoja Dar, na mmoja anakujaga nikizima taa."

Usiku ule Danford alisahau hata kutoa kamera kwenye begi.

Mwezi ulipokuwa mpevu, jioni moja kweupe kabisa, akashuka kwenye bodaboda na mfuko wa sukari. Selestina alipomwona akanyoosha mkono kwenye swichi, kwa mazoea.

"Acha iwake, mama."

"Mwezi wote huo, utapiga picha gani?"

"Sijaja na kamera."

Selestina akamtazama mikono, akamzunguka akamtazama na mgongo. Hakuna begi. Kisha akaliburuta benchi mpaka chini kabisa ya balbu, akamkalisha mwanawe hapo, uso kuelekea nyumbani kwa Pastory, aonekane vizuri.