Mazoezi ya Dahir kwenye Mlima wa Asumbi

Dahir huuza magodoro mjini Homa Bay, na mwaka huu ameamua kwamba lazima akimbie marathoni. Jumamosi ya wikendi ya Madaraka aliingia mbio za mjini. Aliporudi nyumbani akichechemea, mkewe Faduma alimuuliza nani alikuwa nyuma yake.

"Ambulensi," alijibu.

Jumapili asubuhi akavaa viatu tena. "Jana yalikuwa mashindano," alieleza. "Leo ni mazoezi."

"Haya, Baba Asmaa. Nitakuombea."

Akashika barabara ya Asumbi. Watu waliotoka misa walimpisha, wengine wakitazama nyuma kuona anafukuzwa na nani. Kwenye mlima miguu iligoma, akainama akijifanya anafunga kamba za viatu.

Adhiambo, mwanakwaya aliyewahi kununua godoro kwake, alimwona. "Omera, ndugu yangu Dahir, umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu. Najiandaa kwa marathoni."

"Kwa mwendo huu utamaliza Krismasi. Twende!"

Adhiambo alivua viatu vyake vya kanisani, akavishika mkononi na kuanza kukimbia. Dahir aliona aibu, akamfuata. Hakumpata, lakini pia hakusimama mpaka kileleni, ambako wote wawili waliketi kwenye nyasi wakicheka na kuhema.

"Kumbe hii kitu ni tamu!" Adhiambo alisema. "Tunarudia lini?"

Siku hizi hukimbia pamoja kila Jumapili baada ya misa. Faduma huwafuata kwa pikipiki akiwabebea maji, lakini humshangilia Adhiambo, si mumewe.