Kimo cha Spesi

Nilipokuwa mtoto kule Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, hakuna aliyeruka miguu ya mtu aliyeketi akaenda zake. Ukimruka mwenzako, harefuki tena, mpaka urudi umruke kwa upande ule ule uliotokea. Waislamu wa mtaani kwetu waliamini hivyo, na Wakristo waliotoka Kongo, na watu wa milimani pia. Miaka ile ya vita, sidhani kama kulikuwa na mengine mengi tuliyokubaliana.

Nilikuwa darasa la kwanza. Mwalimu wetu, Madamu Domitila, alifundisha jicho moja likiwa dirishani, maana milio ya bunduki ilitushukia kutoka milimani saa yoyote. Hata hivyo, kila asubuhi kabla ya kusoma alianza na adabu: kusalimia, kuomba radhi, kumpisha mwenzako. Siku moja aliongeza, "Hata tukikimbia, aliyeanguka asikanyagwe. Kukimbia nako kuna adabu yake." Tukaitikia "Ndiyo, Madamu," kama tulivyoitikia kila kitu.

Ndipo akaja Spesi, msichana mgeni darasani. Nyumba yao upande wa Kizuka ilikuwa imechomwa, na sasa yeye na mama yake walilala na wakimbizi wengine kwenye ghala tupu karibu na soko. Alikuwa mdogo wa mwili kuliko sisi sote.

"Zaituni, sogea, mupe mwenzako nafasi," Madamu aliniambia.

Nilipanua magoti, nikaweka mfuko wangu pembeni, nikasema benchi limejaa. Halikujaa. Spesi alinuka moshi, nami sikutaka kunuka moshi. Akaenda kuketi sakafuni karibu na mlango. Madamu alifungua kinywa kunikemea, mara nje kukasikika pwaa! Darasa zima likachomoka. Nilipofika mlangoni niliikuta miguu ya Spesi imenyooka mbele yangu, nikairuka.

Lilikuwa tairi la lori tu lililopasuka. Tuliporudi Spesi alikuwa pale pale, amejikunyata.

"Umeniruka," alisema. "Rudi uniruke."

"Tayari uko mufupi," nilimjibu. "Baki hivyo."

Wenzangu walicheka. Madamu alikuwa akihesabu vichwa vyetu, hakusikia.

Nyumbani nilimsimulia bibi kama kichekesho. Alikuwa akichambua ndagala, dagaa wa ziwa letu; mikono yake ikasimama.

"Ulimurudia?"

"Hapana."

"Basi umebeba kimo cha mutoto wa watu. Na vita hii, kesho utamupata wapi?"

Kuanzia hapo sikutulia. Nilikula kidogo, nikatoka uani, nikarudi ndani, nikajipima mlangoni kuona kama nimerefuka kwa kimo kisicho changu.

Asubuhi Spesi hakuja. Mtoto mmoja alisema watu wa kwenye ghala wanashuka ziwani kuvuka kwenda Tanzania. Nililia kabla sijaulizwa. Nikamweleza Madamu yote, hata habari ya benchi, nikanyoosha mikono nichapwe. Hakunichapa. Alimwomba mwalimu wa darasa la pili awaangalie wenzangu, akanishika mkono, tukatoka.

Kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi alituuliza tunakwenda wapi.

"Kuomba radhi," Madamu alijibu.

Mwanajeshi alimtazama, akanitazama na mimi, akainua kamba ya kizuizi.

Ufukweni watu walikuwa majini hadi mapajani, wakipakia magodoro na masufuria kwenye boti za mbao. Tulipita tukiita jina lake mpaka tukamwona, ameketi juu ya mkeka uliokunjwa, ubavuni mwa mama yake.

"Nimekuja kukurudia," nilimwambia nikihema.

Alishuka kwenye mkeka, akanyoosha miguu mchangani. Nilipotaka kuruka akaninyooshea kidole. "Hapana. Ulitokea upande huu."

Nikazunguka, nikaruka. Nilisikia mwili kuwa mwepesi, nikatabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Na benchi?" aliuliza.

Nilimgeukia Madamu, nikitumaini ana dawa ya hilo pia. Akanielekeza kwa kidevu nimgeukie Spesi.

"Unisamehe," nilisema, kwa sauti ndogo sana.

Mama yake akamwita. Spesi alinyanyua mkeka wake akaingia majini, sikujua kama amenisikia.

Sasa mimi mwenyewe nafundisha watoto wa darasa la kwanza, na amani ilipokuja nilipata nafasi ya kumuuliza Madamu, akiwa amezeeka, kama aliamini habari ya kimo. Alicheka. "Mutoto hukua akipata chakula," alisema. "Mimi nilitaka umutazame usoni."

Nafikiri bibi naye alitaka hivyo hivyo, ingawa yeye aliamini kweli. Wanafunzi wangu wanaporukana nawaambia warudi, na sijawahi kuwaeleza kama ni kweli au ni uongo. Adabu nyingi nilizoimbishwa darasani zimenitoka. Ile niliyotembezwa kwa miguu hadi ziwani imebaki.

Wale waliorejea kutoka kambi za Tanzania niliwauliza habari za Spesi; hakuna aliyemjua. Mpaka leo, nikipishana sokoni na mwanamke wa umri wangu aliye mfupi, humwangalia usoni mara mbili. Na nikimwona mrefu, humwangalia vilevile.