Kiti cha Shangazi Kalolaine

Lopeti wa Houma ana bahati mbaya moja: anajua magari, na magari yote anayoyajua ni ya ndugu zake.

Hili la sasa ni vani nyeupe ya Kijapani iliyofika kutoka Nyuzilandi ndani ya kontena, imejazwa magodoro na mabati, ikiwa imekwisha kuwazeekea watu wawili watatu huko ilikotoka. Karatasi zilisema ni ya Lopeti. Siku ilipotolewa bandarini, Shangazi Kalolaine, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alipanda kiti cha mbele, akavuta mkanda, akasema, "Twende." Tangu hapo hakuna aliyerudi kuzisoma zile karatasi. Kwetu shangazi hanyang'anyi, anachukua tu. Akimpenda nguruwe wako, nguruwe amekwenda, na wewe ndiye utakayemfunga kamba. Lopeti aliachiwa usukani, na ruhusa ya kupeleka viazi vikuu na matikiti sokoni mjini Nuku'alofa siku ambazo Shangazi hana safari. Ruhusa hiyo ndiyo inayomlisha yeye, mke wake Vika na watoto.

Kisha gari likaanza kuchemsha.

Kisiwa chetu ni bapa kama sinia. Hakuna mlima wa kulaumu. Gari likichemsha Tongatapu, limechemsha kwa makusudi. Lilikuwa likifika karibu na soko, linatema maji kutoka kwenye chupa ya akiba, linatoa mvuke, na Lopeti analisukuma pembeni huku wauza samaki wakimshauri. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikufa zamani. Umelala upande wa kushoto, unasema daima kwamba hali ni shwari, kama waziri anayehojiwa redioni.

Shangazi alitoa hukumu mapema. "Jumatatu ya mkutano wa kina mama tunakwenda Niutoua," alisema. Niutoua ni mwisho wa kisiwa, na sisi tuko mwisho mwingine. "Likichemka njiani, nawapa vijana wa jirani yetu Paea waliendeshe wao. Wewe magari huyawezi."

Wanaume wa kilabu cha kava, kinywaji chetu cha mizizi, nao walitoa hukumu zao, kila duru na ugonjwa wake. Mmoja alisema ni mfuniko wa rejeta. Lopeti akabadilisha mfuniko. Mwingine alisema mkanda wa feni unateleza, akabadilisha mkanda. Rejeta ikatolewa, ikaoshwa, ikapigwa jua, ikarudishwa. Pampu ya maji ikafuata. Gari lilipokea zawadi zote hizo, likaendelea kuchemsha.

Sasa, jambo la kujua ni hili. Katika magari ya aina ile injini iko chini ya kiti cha mbele cha abiria. Ukitaka kuiona kwa juu, unainua kiti. Ukitaka kuinua kiti, unaondoa kwanza mikeka iliyotandikwa juu yake. Na mikeka aliyoikalia shangazi, mtoto wa kaka yake haigusi, mchana wala usiku, awepo asiwepo. Hilo halikuandikwa popote, kwa hiyo hakuna wa kulifuta.

Lopeti alijaribu. "Shangazi, naomba nione kidogo chini ya kiti."

"Chini ya kiti Maka alikwisha pashughulikia."

Maka ni mtoto wa pekee wa Shangazi. Alifanya ufundi miezi michache kabla ya kwenda Australia kuchuma zabibu, na kwa hesabu ya mama yake hiyo inatosha kumwita injinia. Hapo mazungumzo yakaisha. Lopeti akawa fundi wa chini: kila kinachofikika kwa kulala chali mchangani alikuwa amekwisha kukibadilisha, huku juu yake Shangazi ameketi, anapunga upepo, anapokea wageni kupitia dirishani kama yuko sebuleni.

Na mikeka ikawa inaongezeka.

Mwanzoni ulikuwa mmoja. Baada ya safari ya mazishi kule Kolovai ikawa miwili, kisha mto, kisha mkeka juu ya mto. Shangazi alipanda juu taratibu mpaka nywele zake zikawa zinagusa paa. Watu waliomwona akipita walidhani amerefuka. Lopeti, mwenye mshale uliokufa, akaanza kusoma rundo. Rundo likipanda, joto limepanda. Alichokosa ni kujua limepanda kiasi gani, na mtu pekee aliyejua alikuwa amekikalia kipimo chenyewe.

"Shangazi," alisema siku moja, macho yake barabarani, "huko upande wako hali ya hewa ikoje?"

"Hewa ni hewa."

"Nauliza kama pana joto."

"Lopeti, hapa ni Tonga. Umehamia lini?"

Hakuweza kuuliza zaidi. Mtoto wa kaka haulizi habari za mahali shangazi yake alipokalia, na shangazi mwenye heshima zake hazitoi. Kwa hiyo waliendelea hivyo, mmoja akiungua kwa adabu na mwingine akiendesha kwa adabu.

Siku ya Ijumaa, akitoka sokoni, gari lilichemka tena. Lopeti alichoka hata kutukana. Alilala chini, akaweka kiganja kwenye rejeta, na hapo ndipo alipostuka. Rejeta ilikuwa vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa mezani. Huku injini inatokota, huku rejeta inapiga miayo. Basi maji ya moto hayafiki kwenye kupozwa. Yanazunguka humo humo ndani.

Alipofika nyumbani akampigia Maka. Maka akatokea kwenye skrini na kofia kubwa ya shambani.

"Binamu, nadhani themostati imekwama."

"Haiwezi kukwama."

"Kwa nini isiweze?"

"Haipo. Niliitoa mimi kabla sijaondoka. Ile ni ya nchi za baridi, Lopeti! Inazuia maji ili injini ipate moto asubuhi. Sisi tuna moto wa kutosha. Ni sawa na kumvalisha mtoto sweta hapa."

"Lakini Maka, kwa injini hii..."

"Mama yuko hapo? Mpe simu."

Lopeti alimpa Shangazi simu. Kisha alikwenda nyuma ya shamba la jirani, kwenye mzoga wa gari la ukoo ule ule ambamo kuku hutagia, akafungua bolti, akarudi nyumbani na kidude cha shaba chenye springi, kinachoenea kiganjani. Akakitumbukiza kwenye sufuria iliyokuwa jikoni.

"Hiyo ni sufuria ya muhogo," alisema Vika. "Unachemsha nini?"

"Themostati."

"Nitie na chumvi?"

"Tazama. Maji yakipata moto, hiki kisahani cha juu kinafunguka, maji yanakwenda kwenye rejeta. Umeona? Sasa tazama cha chini. Kinashuka, kinaziba njia ya mkato. Mlango mmoja unafunguka, wa pili unafungwa. Ukikitoa chote, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na maji nayo yanapenda mkato kama watu."

Vika alitazama. "Basi kamwambie Shangazi."

"Nimwambie mwanawe kaharibu gari?"

"Usiseme kaharibu. Sema kasahau."

"Nimwambie mwanawe wa pekee, injinia wa zabibu, kasahau?"

Vika alikoroga maji kwa mwiko, kidude kikagonga kingo za sufuria. "Mwambie gari linaona baridi, linataka sweta lake."

Lopeti hakucheka. Alikifunga kidude kwenye leso, akakitia mfukoni, na Jumamosi nzima alitembea nacho. Dawa anayo, mgonjwa anamwona, na kati yao pana rundo la mikeka. Shangazi alishinda garini, mlango wazi, akipanga nyimbo za kwaya.

Jumapili hapa hakufanywi kazi. Si desturi tu, ni sheria. Hata spana ikianguka yenyewe, jirani huchungulia. Lakini Jumapili ile kulikuwa na ubatizo katika ukoo, na Shangazi mwenyewe, kwa mikono yake, alishusha mikeka yake yote ikatandikwe mbele kanisani, ili mtoto apitishwe juu yake. Wanawake waliitandika mmoja mmoja. Wa mwisho, ule uliokuwa chini kabisa, ulipogeuzwa, ulikuwa na duara la kahawia katikati, limekauka na kukunjamana kama mkate uliosahauliwa jikoni.

Kwaya yetu haijapata kuanza wimbo kwa pamoja, lakini ilinyamaza kwa pamoja. Shangazi alisogea akasimama juu ya lile duara. Duara lilikuwa kubwa kuliko miguu yake.

Lopeti, benchi la tatu, aliona kile alichokuwa hawezi kuuliza. Injini inayounguza mkeka kupitia kiti haina safari ya Niutoua ndani yake. Itapasuka kichwa kabla ya nusu ya kisiwa, na kwa hali hiyo hata vijana wa Paea watapewa chuma chakavu. Mchungaji alifungua Biblia. Lopeti alishika tumbo, akatoka akiwa ameinama.

Gari lilikuwa kando ya makaburi, limekwisha poa, kiti kikiwa kitupu kwa mara ya kwanza. Alikiinua. Alikuwa amekwisha kulegeza bolti ya kwanza aliposikia mtu akikohoa. Alikuwa Feleti, mzee wa kanisa, ametokea nyuma ya ukuta na sigara mkononi.

"Lopeti. Unafanya nini hapo?"

"Nasali."

"Kwa spana?"

"Na wewe moshi huo, ni ubani?"

Feleti aliitazama sigara yake kana kwamba kuna mtu aliyemwekea mkononi. Akavuta tena. "Mchungaji ana mambo matatu leo," alisema. "Yuko kwenye la kwanza."

"Basi hata injini nzima ningeishusha."

"Usishushe. Fanya haraka." Feleti akageuka, akasimama kati ya gari na mlango wa kanisa, akawa mtu anayetazama makaburi.

Kidude kikatoka mfukoni, kikaingia mahali pake, na gasketi iliyokatwa kwenye boksi la nyama ya kopo. Maji yakachotwa kwenye tangi la kanisa. Lopeti alirudi ndani mchungaji akiwa kwenye jambo la tatu, dole gumba la oili likiwa limepigwa muhuri kwenye mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, ule wa Jumapili.

Jumatatu walianza safari, kina mama nyuma, Shangazi mbele juu ya rundo lake lote, nywele kwenye paa. Lopeti hakutazama barabara sana. Walipopita Mu'a, Shangazi alichomoa mkeka wa juu, akautupa nyuma. Mbele kidogo, mwingine. Kisha mto. Kila kijiji alishuka kidogo. Pale Kolonga nywele ziliachana na paa. Hakuna daktari aliyewahi kuona homa ikishuka waziwazi namna ile. Walipofika Niutoua alikuwa amekalia kiti kitupu, mfupi kama tulivyomzoea, akichungulia juu ya dashibodi. Gari halikutema hata tone.

"Maka alisema litapoa lenyewe likizoea," alisema Shangazi.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe ulitaka kulifunguafungua."

"Ndiyo, Shangazi."

Kina mama waliposhuka, yeye alibaki. Alikitazama kiuno cha Lopeti, lile dole gumba jeusi kwenye mkeka ambao hakuwa na mwingine wa kuvaa. Akanyoosha mkono nyuma, akavuta ule mkeka ulioungua, akamtupia mapajani.

"Chukua huu. Katikati umekufa, lakini kwa mtu wa kulala chini ya magari unatosha."

Lopeti aliushika kwa mikono miwili. Alikuwa hajapata kuugusa. "Na vijana wa Paea, Shangazi?"

"Wale wanakimbiza gari." Alifungua mlango, akaweka mguu mmoja chini, akakumbuka jambo. "Tena, gari la mchungaji nalo limeanza kuchemsha. Nimempa namba ya Maka."

"Maka kasema nini?"

"Kasema kuna kidude cha nchi za baridi mle ndani. Mchungaji anakitoa leo."

Lopeti alifungua mdomo. Shangazi alikuwa tayari amewafikia wenzake, anasalimiwa. Akaukunja mkeka, akauweka nyuma ya kiti chake, mahali ambapo mkono utaufikia kesho bila kutafuta.