Ufukwe Wetu Hauna Kona

Kwetu mtoto wa kike hufundishwa kukimbia kabla ya kufundishwa kupika. Sisemi hivyo kwa kujisifu, maana wali wa kwanza niliompikia mume wangu ulitoka bokoboko na aliula kwa kijiko. Mama yangu alikimbia mita mia mbili kwenye mashindano ya taifa ya shule, Tabora, akiwa msichana mwembamba asiye na viatu. Mimi nilikimbia mita hizo hizo, Mbeya. Sote wawili tulirudi Bagamoyo mikono mitupu. Mama alisema kilichomponza yeye ni baridi ya Tabora. Kilichoniponza mimi alinitajia kwa neno moja, na neno hilo nitalifikia.

Uwanja wa mama ulikuwa ufukwe, upande wa kuelekea Kaole, maji yakishakupwa na mchanga ukiwa mgumu. Tulikwenda baada ya swala ya alfajiri. Ananiacha kwenye kigingi cha kufungia ngalawa, anatembea mpaka anakuwa mdogo, kisha anageuka na kukunjua kanga yake kwa mikono miwili. Akiita "Njoo!" nakimbia. Hakuna kupunguza mwendo. Unakwenda mpaka unajigonga kwenye kanga, yeye anakuzungushia na kukubana, na kuna siku tulianguka wote chini akacheka hadi mtandio ukamvuka. Aliamini kwamba mtu hupunguza mwendo mwishoni kwa sababu hajui anakwenda kwa nani. Mimi nilijua. Kanga ile ilinuka moshi wa kuni na udi kidogo, na mpaka leo nikiinusa harufu hiyo miguu yangu inawasha.

Mbio za mita mia moja alizidharau. Alisema zinakwisha kabla mtu hajapiga chafya.

Mbeya nilikuwa na miaka kumi na tano, na niliondoka na imani kwamba hakuna msichana Tanzania nzima wa kunishika. Filimbi ilipopulizwa nilichomoka vizuri, halafu kitu nisichokielewa kikanipata. Kila nilipotaka kuongeza mwendo mwili ulinivuta nje, kwenye njia ya jirani yangu, nikalazimika kujizuia. Wenzangu wakanipita kama wanakwenda sokoni na mimi nimekaa barazani. Tulipotoka kwenye kona na kuuona mwisho mbele, nikafumba macho, nikamfikiria mama na kanga yake, na nikawafukuza. Niliwapata wachache. Nikamaliza wa tano.

Niliporudi nyumbani mama alinimiminia chai na kuniuliza ilikuwaje. Nikamweleza kwamba nilichelewa mwanzoni na mwishoni nikajitahidi. Alifikiri, akasogeza kikombe karibu yangu, akasema, "Uliogopa, mwanangu."

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali ningembishia. Alilisema kwa huruma, kama mtu anayekuonyesha doa kwenye nguo yako ili ukaifue, na ndiyo maana nililiamini. Miaka ilipita, nikajifunza cherehani, na shangazi aliponiita Dar nikashone kwenye duka kubwa la nguo za maharusi, nilifunga mzigo na kuufungua mwenyewe. Nilijiambia mimi ndiye yule wa Mbeya. Ninashona hapa hapa mjini, chumba cha mbele cha nyumba yetu, na silalamiki. Lakini nimewahi kukataa mambo mengi kwa sababu ya kikombe kile cha chai.

Kisha akaja binti yangu wa mwisho, ambaye alitembea mapema na kukimbia siku iyo hiyo. Mama alimchukua kama mali yake. Baba yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, lakini wale wawili walimgombea kila siku, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu. Mama alimwita "mke mwenzangu". Binti naye alijibu kwamba mume wao alimpenda zaidi mke mdogo, sema tu alifariki kabla ya kumwona. "Angekuona angefariki mapema zaidi," mama humjibu, na wote hufurahi. Alfajiri waliondoka pamoja kwenda ufukweni, mmoja na kanga na mwingine na suruali ya kubana niliyomshonea mimi, na kilemba cha kitambaa chepesi kisichomvuka akikimbia.

Shuleni kwao kuna uwanja wa mpira tu, na mbio zao ni kutoka goli hadi goli. Huko alishinda. Wilayani pia alipita. Akiwa na miaka kumi na tatu alikwenda Kibaha kwenye mchujo wa mkoa, na aliporudi mama alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo, mimi nimekaa karibu natia vifungo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umetutoa kimasomaso?"

"Nimekuwa wa tatu. Mwalimu wa mkoa kasema nina mbio, ila kona sijui. Kasema nikienda kambini bila kuijua kona atamchukua mwingine." Akasita. "Kauliza nani kanifundisha."

"Ukamwambia nani?"

"Wewe."

Mama aliendelea kuchambua. "Kona gani hiyo?"

"Ya mwanzoni, bibi. Mia mbili inaanzia kwenye kona. Unazunguka kwanza ndiyo unanyooka. Mimi kona inanitupa nje."

Vidole vya mama vilisimama juu ya mchele. "Kumbe ile ya Tabora haikuwa baridi," akasema taratibu. "Ufukwe wetu hauna kona." Kisha akasimama na ungo wake akaingia ndani.

Siku zilizofuata hakwenda ufukweni. Alisema goti linamsumbua. Lililotutisha zaidi ni kwamba alianza kumwita mjukuu wake kwa jina, jina lake kamili kama anavyoitwa darasani, na binti alikuja kunishika sketi akilalamika kwamba bibi kamnunia. Hakuwa amenuna. Mimi nilimjua mama. Alikuwa mtu asiye na shamba la kuturithisha wala nyumba ya pili, hakusoma sana, na kitu kimoja alichokuwa nacho cha kutupa alitupa kila alfajiri, kwa miguu yake. Sasa mtu wa Kibaha kauliza nani kafundisha hivi. Nilimwonea mama uchungu mpaka nikashindwa kula. Na bado binti yangu alikuwa na nafasi ya kugombania, na kambi ilikuwa inakaribia.

Nisiseme uongo, na mimi nilikuwa na langu. Niliposikia habari ya kona kumtupa mtu nje, nilidondosha kifungo. Usiku nililala nikiirudia Mbeya hatua kwa hatua. Lakini ningeanzaje kumwambia mama? Mtu ameshaumia, na mimi nimwongezee? Nikaendelea na vifungo vyangu.

Alasiri moja nilikuwa nakata sketi ya duara ya mteja. Kitambaa nimekitandika sakafuni, nimechoma pini kwenye ncha moja ya kipimo, nimeshika chaki kwenye ncha nyingine, nazunguka kwa magoti. Mama alisimama mlangoni akinitazama.

"Na wewe huko Mbeya," akasema, "ulianzia kwenye kona?"

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa kidogo. Hakuniangalia usoni, aliangalia mstari wa chaki. "Hapo kipimo kingekuwa kamba ndefu, mduara ungekuwa mkubwa?"

"Kamba ikiwa ndefu unachora hata uwanja."

"Bamvua lini?"

Bamvua ni zile siku za mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapotoka mbali kuliko kawaida na kuacha uwanda mpana wa mchanga. Siku nyingine ufukwe wetu ni ukanda mwembamba tu, na ndiyo maana vizazi viwili tulikimbia kama reli. Nilimwambia ni keshokutwa. Akageuka kuelekea uani na nikamsikia anaita, "Wewe, mke mwenzangu, njoo hapa uniazimie kamba kwa jirani." Niliweka chaki chini nikacheka peke yangu, machozi yananilengalenga.

Tulikwenda watatu. Kamba ya jirani, mvuvi, ilitutia harufu ya samaki mikono yote. Nilisimika kijiti katikati ya uwanda, nikaivuta kamba mpaka mwisho, nikazunguka nikiburuta mpini wa jembe, na nyuma yangu ukabaki mstari uliopinda vizuri kabisa, kama shingo ya gauni. Nikachora na wa pili wa nje yake. Mama aliukagua akiwa ameshika kiuno, kisha akaenda kusimama mwisho wa kona na kukunjua kanga yake, kama zamani.

"Njoo!"

Binti akachomoka, akafuata mstari hatua chache, kisha akaukata moja kwa moja kwenda kwa bibi yake. Akarudishwa. Akarudia vile vile. Mara ya tatu alijitahidi kubaki kwenye mstari lakini shingo yake yote imegeukia kwenye kanga, na akaanguka kwenye kidimbwi. Mimi nilikaa chini nikacheka. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama nyayo kwenye mchanga, zile zilizonyooka kuja kwake, na nadhani hapo ndipo alipoyaona yote kwa macho.

Alikunja kanga, akajifunga kiunoni, akatembea mpaka katikati, kwenye kijiti.

"Mimi nipo hapa sasa," alimwambia. "Kushoto kwako. Mbele hakuna mtu, usinitafute mbele. Kimbia kama unaniegemea."

Binti akakimbia. Mama naye alikuwa anageuka pale katikati, polepole kwa ajili ya goti, akimfuata kwa uso na mkono wake wa kulia umenyooshwa kama ameshika kamba. Na yule mtoto akainamisha bega la kushoto ndani, kuelekea kwa bibi yake, na kona haikumtupa. Sikuamini. Alimaliza nusu ya mzunguko akaendelea kukimbia kwenye mchanga mnyoofu hadi akafika kwenye maji.

Bahari iliufuta uwanja wetu mchana, na kesho yake tukauchora tena. Bamvua lilipoisha alikuwa anaikata kona huku anaimba. Alipokwenda kambini mwalimu alimweka kwenye mia mbili, na habari zikaja kwamba mwaka huu mashindano ya taifa ni Tabora.

"Tabora naijua," mama alisema. "Nakwenda."

Tuliondoka na basi, tukapita Msata na Lugoba, ambako mama alinunua machungwa ya kutosha timu nzima na kuyala mengi mwenyewe. Safari ilikuwa ndefu na goti lilivimba. Mara yake ya kwanza alikwenda kwa treni, akiimba na wenzake njia nzima. Uwanjani watu walijazana upande wa mwisho wa mbio, penye kivuli na kipaza sauti. Mama alikataa kukaa huko. Alinivuta mpaka tukafika upande wa kona, juani, ambako hapakuwa na mtu ila muuza barafu.

Wasichana walijipanga. Binti yangu alikuwa njia ya nne na kilemba changu cha kijani. Hakutuangalia. Nilimwona anatazama ndani ya uwanja, kwenye majani matupu katikati ya kona, kisha akainama.

Walichomoka. Nilisikia nyayo zao, na mama akanishika mkono juu ya kiwiko. Binti aliingia kwenye kona na bega lake la kushoto likalala ndani, kule kule kwenye majani matupu, na akaja akizunguka mbele yetu bila kutetereka, njia yake hiyo hiyo, mstari haugusi. Walipotoka kwenye kona alikuwa sawa na waliotangulia. Nikaruka kusimama ili nione mwisho.

Mama hakusimama. Alinivuta nikakaa. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta, na kule mbali watu walikuwa wanapiga kelele.

"Hukuogopa," aliniambia.

"Mama."

"Mbeya, mwanangu, hukuogopa. Mimi sikukufundisha kona. Unisamehe."

Niliweka kichwa changu kwenye bega lake, mwanamke mzima mwenye watoto, na kanga yake ilinuka moshi wa kuni na udi. Alinizungushia upande mmoja wa kanga hiyo, akanibana. Tulikaa hivyo, muuza barafu akajifanya anapanga barafu zake.

Binti alikuja akikimbia, anahema, na utepe mwekundu shingoni wenye medali ambayo hatukujua ni ya nafasi gani.

"Bibi, umeniona?"

"Nimekuona kwenye kona, mke mwenzangu. Umeikata."

"Na mwisho je?"

"Mwisho sikuuona," mama alisema. "Nilikuwa nazungumza na mama yako."