Vigingi Vilivyohama Kwenye Kiwanda cha Ngozi

Nyie, vigingi vyangu vilikuwa vinatembea.

Sio utani. Jioni navipigilia ardhini kwa nyundo, kimoja kila baada ya hatua ishirini, utepe mwekundu kichwani. Asubuhi nikirudi, vitatu vimehama.

Haviibiwi. Vinahama. Vile vile vitatu, kwenda pale pale.

Naitwa Ibtihal. Kazi yangu ni kupima ardhi iliyokaliwa na viwanda na kusema kama watu wanaweza kuishi juu yake. Mwaka ule nilipewa kiwanda cha ngozi kilichokufa kule Meks, mjini Aleksandria, Misri. Tajiri mmoja alikinunua, akakibomoa, anataka kupandisha maghorofa sita na chekechea katikati.

Kila kigingi ni mahali pa kutoboa na kuchukua udongo wa kupeleka maabara.

Siku ya tatu Jaber, fundi wa mashine ya kutoboa, akagoma kushuka garini.

"Bibie, hapa pana wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Majini. Mimi nina watoto watatu, sitoboi kichwa cha jini wa mtu."

"Jini gani anajua kupigilia kigingi? Shuka bwana!"

Akashuka, anasoma Ayatul Kursi kwa sauti.

Nikavirudisha vigingi kwenye sehemu zake, tukaanza kutoboa upande mwingine, mita mbili mbili; vile vitatu zamu yake ilikuwa bado. Majibu yakaja: safi. Tukaendelea. Safi tena.

Hapo ndipo raha iliponitoka. Kiwanda kimelainisha ngozi miaka hamsini, halafu udongo wake safi kama wa bustani? Ful ya asubuhi, yale maharage yetu, naiangalia tu, haipandi. Nakaa, nasimama. Naifungua ramani, naikunja.

Bosi wangu, Mhandisi Raufu, akanipigia simu.

"Sasa we unataka udongo uwe mchafu? Saini tuondoke hapo."

"Nipe siku mbili."

"Mbili tu, Ibtihal. Tajiri ananipigia mimi, hakupigii wewe."

Kichwani nilishapata mwizi wangu: Ami Bayumi, mlinzi. Mzee wa kanzu ya kijivu, anaishi kwenye kibanda cha getini. Kila siku ananiletea chai, na kila siku haniangalii usoni. Nikasema huyu katumwa na tajiri aisogeze kazi yangu mbali na uchafu.

Kesho yake niliwahi. Watu ndio kwanza wanatoka msikitini kwenye sala ya alfajiri. Nikapita upande wa nyuma, ukuta ulikoanguka.

Nikamkuta kakunja kanzu kiunoni, anang'oa kigingi.

"Ami Bayumi! Nani kakutuma?"

Hakukimbia. Hata hakushtuka. Alienda na kigingi changu hatua kumi na moja, akakipigilia kwa jiwe.

"Nimejituma," akasema. "Wiki nzima nakuonyesha, binti yangu, wiki nzima wewe unarudisha. Huko chuoni hamkufundishwa kuuliza?"

Akakanyaga udongo kando ya kigingi.

"Toboa hapa. Usiishie mita mbili. Nenda tano."

"Umejuaje?"

Akanyoosha mikono. Vidoleni alikuwa na vishimo vidogo, makovu ya duara, kama mtu aliyetobolewa na msumari wa moto. Ile dawa ya kulainishia ngozi ndiyo inayokula vidole hivyo.

"Nilichimba mwenyewe," akasema. "Wakaguzi walikuwa wanakuja, wenye kiwanda wa wakati ule wakatuambia fukieni mapipa yote ya dawa. Mashimo matatu. Juu tukamwaga udongo safi, malori na malori. Tulikuwa wanne. Wenzangu wote wameshatangulia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikisema, leo hii nafukuzwa. Hawa wameniahidi chumba cha mlinzi kwenye ghorofa jipya. Lakini kigingi kikihama, nani ataapa ni mimi?"

Jaber alipofika nikamwambia tutoboe pale. Mita ya kwanza safi. Ya tatu safi. Mita nne na nusu, udongo ukatoka wa manjano kama bizari, na maji yaliyoufuata yalikuwa ya manjano vile vile.

Jaber akazima mashine. Safari hii hakusoma kitu, alirudi nyuma tu.

Chekechea ilikuwa ikae juu ya shimo lile.

Wiki iliyofuata tajiri akaitisha kikao pale pale uwanjani. Amefura.

"Ramani inasema kule, wewe umetoboa huku. Nani kakuambia?"

Nilimwona Ami Bayumi amesimama na sinia la chai. Nikajibu, "Nilikosea kuhesabu hatua."

"Umekosea? Basi Raufu, mfukuze huyu, na ripoti yake itupe. Kazi ya mtu asiyejua kuhesabu siitaki."

Raufu akainamisha kichwa. Nikajua nimekwisha.

Sinia likawekwa chini.

"Hakukosea," Ami Bayumi akasema. "Mimi ndiye niliyehamisha. Yako mashimo mengine mawili, njooni niwaonyeshe. Na polisi nitawaambia nani alituamuru."

Jamani. Mimi nadanganya kumlinda yeye, yeye anajitoa kunilinda mimi.

Polisi wakaja, mashimo yakachimbuliwa, yakatoka mapipa thelathini na nane. Kusafisha kulichukua miezi minane: udongo ukaondoka kwa malori yaliyofunikwa, maji yakavutwa na kutibiwa, nikapima tena hadi nikaridhika.

Ami Bayumi alifukuzwa siku ile ile ya kikao. Chumba hakukipata. Sasa anakaa kwa binti yake, mjini Damanhur. Juzi nilimpigia, nikamuuliza kama anajuta.

"Najuta kuchimba," akasema. "Kusema sijuti."

Wadau, mimi nina shahada mbili na mashine ya kutoboa mita thelathini. Nilikunywa chai ya yule mzee siku zote zile na sikumuuliza hata swali moja, kwa sababu alikuwa mlinzi. Ukienda mahali kutafuta ukweli, anza na mtu unayempita getini bila kumsalimia.