Nilivyoanza SSB kwenye VHF hapa Ifakara: kilemba cha mke wangu kiliniokoa

Wakuu, heshima zenu. Haya yamenikuta mwenyewe, na shahidi ni mke wangu, mtu asiye na tabia ya kunitetea.

Mimi ni fundi simu hapa Ifakara, leseni ya redio ya ridhaa ninayo. Rafiki yangu Beno, aliyehamia Mahenge mlimani, naye anayo.

Kwa FM tulikuwa hatupatani, kelele tupu. Beno akashauri tujaribu SSB, njia nyingine ya kurusha sauti redioni, maana hata sauti hafifu inafika mbali.

Nikapata redio used. Antena nikaunda kwa fito za alumini, nikaifunga juu ya mwanzi mrefu wa vipande viwili. Fito nikazisimamisha wima, kama nilivyozoea kwenye FM.

Kesi ikaanzia kwenye mwanzi. Ulikuwa wa kujengea dungu, lile jukwaa la shambani la kuamia ndege, na mpunga ulishaanza kuiva.

Mke wangu, Mama Neema, akahukumu: "Baba Neema, mpaka Jumamosi kama hujamsikia huyo Beno, mwanzi wangu unaenda shamba."

Wiki nzima naita, naambulia sauti ya bata ndani ya debe. (Kwa wageni: kwenye SSB ukikosea frequency kidogo tu, mtu anageuka bata. Zungusha taratibu mpaka awe mtu.) Nilizungusha sana, bata akawa anafifia tu. Niliumia, siwafichi.

Kwa kuogopa radi, kila jioni nachomoa kipande cha juu na antena yake, naegemeza nyuma ya jiko.

Jumamosi nimechelewa dukani, muda wa Beno umefika. Nikakimbia nyumbani, nikabeba kipande, nikachomeka juu bila hata kutazama.

"Baba Neema! Mpaka jogoo wako namsikia!"

Beno huyo, safi kabisa! Nilipiga kelele mpaka Mama Neema akaacha kupepeta.

Jirani akachungulia uani. "Samahani, hiyo bendera ni ya chama gani?"

Natazama juu, naona kilemba cha Mama Neema kinapepea. Kumbe asubuhi alizilaza fito zangu ili aanikie nguo, kilemba kikasahaulika.

Nikamuuliza Beno, za kwake zikoje?

"Zimelala. SSB ya VHF watu wanalaza. Nilijua unajua!"

Wiki nzima yeye amelaza, mimi nimesimamisha. Tungekutana wapi?

Somo nililopata: kabla ya kulaumu redio, muulize mwenzako antena yake imekaaje. Na usidharau anayeanika nguo.

Mama Neema alitoa hukumu mpya: "Mwanzi ubaki. Ila ndege utaamia wewe."

Kwa hiyo wakuu, uzi huu nauandika nikiwa juu ya dungu la miti ya kuokoteza, kombeo mkononi. Wa Chita, Lupiro, Mkula, nani ana SSB? Wenye uzoefu nikosoeni hapo chini.

Nitachelewa kujibu, kundi limetua.